NYOTA ILIYOLIPUKA: MOTO WAKE UNAKULA NINI?



Jioni moja tulisoma darasani kwamba nyota kubwa zikifikia mwisho wake hulipuka. Mzee mmoja akainua mkono. Akasema: "Mwalimu, moto wa jikoni ukikosa kuni unazimika. Sasa nyota ikishapasuka vipande vipande, mbona inaendelea kuwaka miezi mingi? Moto ule unakula nini?"

Wenzake wakacheka. Lakini swali la mzee halikuwa la kuchekwa. Wataalamu wa nyota wenyewe wamelihangaikia kwa miaka mingi. Haya, leo na tulijibu pamoja.

Nyota hulipukaje?

Jua letu ni nyota, ila ni dogo, nalo halitalipuka. Tunazungumzia nyota zenye uzito wa mara 8 ya Jua au zaidi. Nyota kama hiyo ikimaliza kuni zake za ndani, kiini chake huporomoka ghafla, kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kisha sehemu za nje hurushwa mbali kwa nguvu kubwa. Mlipuko huo huitwa supanova.

Akiba ya kwanza: makaa ya nikeli

Mwezi wa Februari 1987 supanova ilionekana upande wa kusini wa mbingu. Hata mtu wa Tanzania angeweza kuiona kwa macho matupu, bila darubini.

Mlipuko kama huo hutengeneza nikeli ya namna isiyotulia. Nikeli hiyo hugeuka ikawa kobalti, na kobalti hugeuka ikawa chuma. Kila inapogeuka hutoa nguvu, na nguvu hiyo huipasha moto gesi iliyorushwa. Ni kama makaa yaliyobaki jikoni baada ya miali kuzimika.

Makaa haya yana saa yake. Kila siku 6 hivi, nusu ya nikeli huwa imegeuka. Kobalti huchukua siku 77 hivi kupungua nusu. Ile nyota ya 1987 ilifuata saa hiyohiyo ya kobalti ilipokuwa inafifia. Ndivyo wataalamu walivyojua inakula nini.

Na wewe mkulima, litazame jembe lako. Sehemu kubwa ya chuma chake ilianza hivyo, ikiwa nikeli ndani ya nyota zilizolipuka zamani sana, kabla dunia haijakuwapo.

Hesabu inapokataa

Tangu miaka ya 2000 wataalamu wamekuwa wakiona supanova za ajabu. Hizi hung'aa mara 10, nyingine hata mara 100, kuliko zile za kawaida. Mojawapo ilionekana Septemba 2006, ikaitwa SN 2006gy. Ilichukua siku kama 70 kufikia kilele cha mwanga wake.

Wataalamu wakapiga hesabu: ili kutoa mwanga mwingi hivi, inatakiwa nikeli kiasi gani? Kwa nyingi ya nyota hizo, hesabu ikakataa. Nikeli iliyotakiwa ilizidi vitu vyote vilivyorushwa na mlipuko! Mwenye shamba la eka moja akikuletea magunia 200 ya mahindi, utamwuliza: "Ndugu, haya mengine umeyatoa wapi?" Wataalamu nao wakaanza kutafuta akiba nyingine.

Akiba ya pili: dinamo

Umewahi kupanda baiskeli yenye dinamo? Ukiibana kwenye gurudumu, taa inawaka. Lakini papo hapo baiskeli inakuwa nzito. Taa haiwaki bure. Inakula mwendo wako.

Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba mambo kama hayo yaweza kutokea ndani ya supanova. Kiini kilichoporomoka huwa mpira mdogo, upana wake kilomita 20 hivi, safari ya saa nne kwa miguu. Hata hivyo uzito wake unalizidi Jua zima. Mpira huo ukiwa na sumaku kali mno huitwa magneta. Ukizaliwa unazunguka mara mamia kwa sekunde, sumaku yake huufunga breki. Mwendo unapungua, na nguvu yake inaingia katika gesi na kuiwasha.

Si ndoto tu. Mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota mpya iliyoonekana hata mchana kwa siku 23. Mahali pale leo pana wingu la gesi, na katikati pana mpira wa namna hiyo, ingawa sumaku yake si kali kama ya magneta. Unazunguka mara 30 kwa sekunde, na mwendo wake unapungua kidogo kidogo. Mwendo unaopotea ndio unaoliangaza lile wingu.

Akiba ya tatu: kugongana

Nyota nyingine hutema gesi nyingi kabla ya kulipuka. Gesi hiyo huizunguka kama boma. Mlipuko ukija, unaligonga boma kwa kasi, na mwendo hugeuka joto na mwanga. Mhunzi anajua: chuma ukikipiga nyundo mfululizo, kinapata moto. SN 2006gy huhesabiwa katika kundi hili.

Wataalamu huzitambuaje? Huupasua mwanga wa nyota katika rangi zake, kama upinde wa mvua. Rangi hizo huonyesha ni gesi gani ipo na inakwenda kasi gani. Gesi ya haidrojeni iendayo polepole ni dalili ya boma. Wapo wanaosema kwamba nyota moja yaweza kutumia akiba mbili pamoja, na mjadala bado unaendelea.

Basi mzee wetu alikuwa na haki. Hakuna moto usiokula kitu. Ukiona mwanga mwingi, uliza hesabu yake. Ndivyo tunavyouliza kwenye mizani tunapouza pamba, na ndivyo wataalamu wanavyoziuliza nyota.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini baiskeli huwa nzito dinamo ikiwasha taa?
2. Wataalamu walijuaje kwamba nikeli peke yake haitoshi?
3. Taja akiba tatu zinazowasha nyota iliyolipuka.