Faroma Iliyokatwa Kiuno

Ukifua kofia ya viua ukaianika hivihivi, itakauka ikiwa imerudi, na Ijumaa haitaingia kichwani. Ndiyo maana watu wa pwani wana faroma: kibao cha mviringo ambacho kofia huvishwa ikiwa bado na maji, ikakaa hapo mpaka ikauke na umbo lake. Kuivua ni kazi ya sekunde moja, kwa kuwa mdomo wa kofia ni mpana sawa na tumbo lake. Fundi viatu naye ana faroma yake, mguu uliochongwa kwa mbao, na shida yake inaanzia pale ambapo shida ya mfua kofia inaishia. Kiatu cha kufunika kina mdomo mdogo kuliko tumbo. Faroma haikuingia humo kwa kupita mlangoni. Kiatu kilijengwa kuizunguka, ngozi ikavutwa, ikapigwa misumari, ikashonwa. Mlango ulipangwa kwa ajili ya mguu, na faroma haikufikiriwa.

Mshona makubadhi hana habari na haya. Yeye hupima unyayo, hukata soli, hupitisha ukanda, na hakuna kitu kinachobaki ndani kikisubiri kukombolewa. Shida ni ya viatu vya watu wa baridi, waliotaka kufunika kisigino, mgongo wa mguu na vidole kwa mpigo mmoja. Mguu wenyewe hutoka bila shida kwa sababu una mifupa 26 na viungo vingi, hujikunja, hujibana, kisigino hutangulia na vidole hufuata. Mbao haina adabu hiyo. Na haitakiwi kuwa nayo, kwa sababu faroma inayojikunja wakati fundi anavuta ngozi kwa koleo haifai hata kwa kuni.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote: kitu kimoja kinatakiwa kiwe kigumu kama jiwe kwa siku kadhaa, kisha kiwe laini kama mguu kwa nusu dakika. Mafundi wamelijibu kwa njia tatu. Ya kwanza ni nguvu: faroma ya kipande kimoja, ndoana ya chuma, goti la fundi, na mdomo wa kiatu kutanuka kabla mnunuzi hajakiona. Ya pili ni kabari: sehemu ya juu ya faroma, ile inayojaza mgongo wa mguu, hukatwa ikawa kipande cha peke yake. Kipande hicho hutolewa kwanza, na nafasi inayobaki huruhusu kilichosalia kutoka. Ya tatu ni bawaba. Faroma hukatwa kiunoni, kati ya mgongo wa mguu na kisigino, kwa mkato wa umbo la V ulioacha mdomo juu. Nusu mbili huunganishwa na kipande cha chuma kilichofichwa ndani na pini mbili zilizopita ubavu kwa ubavu, pamoja na springi. Faroma ikinyooka, springi huishikilia hivyo. Ikilazimishwa kukunjika, ule uwazi wa V hujifunga, kisigino hupanda na kusogea mbele, na urefu wa faroma hupungua. Kisigino cha kiatu huvuka bila kutanuliwa.

Maelezo hayo yanaonyesha kana kwamba kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba ndiyo kwanza inaanza.

Kwanza tuulize kwa nini watu waliihangaikia bawaba wakati kabari ilikuwepo. Fundi anayeshona jozi moja kwa majuma hana haraka. Akipoteza dakika kumi kutoa faroma, chai haitapoa zaidi. Haraka ililetwa na viwanda. Mwaka 1819 Thomas Blanchard wa Massachusetts alipata hataza ya mashine ya kukereza vitu visivyo vya duara. Aliibuni kwa ajili ya vitako vya bunduki katika kiwanda cha silaha cha Springfield. Mfano na gogo ghafi vilizunguka pamoja, gurudumu likatambaa juu ya mfano, na kisu kikafuata mienendo ileile kwenye gogo. Faroma ya kiatu, isiyo na upande ulionyooka hata mmoja, ilikuwa kama imezaliwa kwa ajili ya mashine hiyo. Blanchard alipotaka muda wa hataza uongezwe, alitumia mashine yake kuchonga vichwa vya wanasiasa mashuhuri na kuvionyesha katika jengo la Bunge huko Washington. Muda ukaongezwa. Mwanasiasa anayeweza kukataa sanamu yake mwenyewe bado hajazaliwa.

Mashine za ukoo huo ziliweza pia kutoa mguu wa kushoto kutokana na mfano wa kulia, na kwa hiyo zikasaidia kufuta aibu ya zamani. Kwa karibu karne mbili kabla ya hapo, viatu vingi vya Ulaya na Amerika vilitengenezwa bila kushoto wala kulia. Visigino virefu vilifanya kuchonga faroma mbili zinazotazamana kuwa ghali, basi mguu ukaambiwa uzoee. Watu hao walizunguka bahari zote za dunia wakiwa wamevaa hivyo, jambo linaloeleza hasira zao kwa kiasi fulani.

Kisha akaja Jan Ernst Matzeliger, mzaliwa wa Paramaribo, Suriname, aliyefanya kazi katika viwanda vya mji wa Lynn, Massachusetts. Kuvuta ngozi juu ya faroma na kuikunja chini yake kulikuwa kazi ya mikono pekee; fundi hodari alimaliza jozi kama 50 kwa siku na alijua thamani yake. Tarehe 20 Machi 1883 Matzeliger alipata hataza ya mashine iliyofanya kazi hiyo, na mashine hiyo ilipokomaa iliweza kufikia jozi 700 kwa siku. Alifariki mwaka 1889 kwa kifua kikuu kabla ya kufikisha miaka 37.

Sasa piga hesabu. Mtindo mmoja wa kiatu wenye urefu wa saizi 12 na upana wa aina tano unahitaji jozi 60, yaani faroma 120, na hapo ni jozi moja tu ya kila saizi. Mashine inayomeza mamia ya jozi kwa siku inataka nyingi zaidi, na kila faroma iliyokwama ndani ya kiatu ni mtaji uliolala. Kipande cha kabari kinaweza kupotea, au kurudishwa kwenye faroma isiyo yake. Bawaba haipotezi kitu, kwa kuwa nusu mbili zimefungwa pamoja. Kwa hiyo ilipendwa kiwandani kabla haijawa nzuri, kama vitu vingi vinavyopendwa na wenye viwanda.

Haikuwa nzuri kwa sababu mbao haikuumbwa ikatwe kiuno. Faroma huchongwa kwa miti migumu yenye nyuzi zilizobanana, Marekani hasa mti wa mepo, na nyuzi hukimbia kutoka kisigino kuelekea vidoleni. Mbao hunywa maji kupitia ncha za nyuzi zake haraka kuliko kupitia ubavu. Faroma nzima ina ncha hizo zikiwa zimefunuliwa kidogo tu, mbele na nyuma. Ukiikata kiunoni unafungua midomo miwili mipya katikati ya mwili, tena pale ambapo ngozi iliyoloweshwa italala usiku kucha. Mepo ngumu ikitoka ubichi hadi ukavu kamili husinyaa kwa takriban asilimia 10 kufuata duara la mti, lakini kwa urefu wa nyuzi haifiki hata asilimia moja. Maana yake, maji yanayorudi ndani hayaongezi urefu wa kiatu. Yananenepesha kiuno, mahali penyewe ambapo bawaba inahitaji nafasi ya kujikunja. Maboresho ya kwanza kabisa, basi, hayahusu chuma. Ni kuziba nyuso za mkato kwa nta, shelaki au mafuta, na kurudia kuziba kila zinapochubuka. Ni kazi ya dakika tano, na kwa sababu hiyo huachwa.

Jambo la pili ni pini. Kile kipande cha chuma kikivutwa, pini husukuma mbao kufuata nyuzi, kuelekea kwenye mkato. Ikiwa tundu liko karibu mno na mkato, kipande cha mbao kilicho mbele ya pini hung'oka kama kizibo. Wajenzi wa mapaa ya mbao wanalijua hili kwa jina jingine: kwa mbao ngumu inayovutwa kufuata nyuzi, boliti huachiwa mbele yake umbali usiopungua mara tano ya unene wake. Pini ya milimita sita inadai milimita 30 za mbao nzima. Lakini kiuno cha faroma ni chembamba, kina tundu kubwa juu la kuchomekea faroma kwenye msumari mnene wa benchi, na kina ufa uliochimbwa kupitisha chuma. Kila milimita unayompa pini umemnyang'anya mwingine. Mtu anayedhani ubunifu ni kuongeza kitu aangalie bawaba ya faroma. Humo karibu kila jambo ni kugawana kilichopo.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa halionekani. Tundu la pini katika mbao huliwa polepole, likawa yai. Tuseme limelegea kwa nusu milimita tu, na mahali nusu mbili zinapogusana ni sentimita tatu kutoka kwenye pini, ilhali kisigino kiko sentimita 12. Nusu milimita imekuwa milimita mbili kisiginoni. Saizi moja ya Kiingereza ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, ya Kifaransa ni theluthi mbili za sentimita. Umekwisha kula karibu robo ya saizi kwa mchezo usioweza kuuona kwa macho, na faroma ya kushoto na ya kulia hazili sawa. Mnunuzi atasema mguu wake mmoja ni mkubwa. Muuzaji atakubaliana naye kwa upole, maana hata madaktari husema hivyo.

Dawa ya mchezo huo ni kikombe: bomba fupi la chuma linalopigwa kwenye tundu, pini ikapita ndani yake. Sasa chuma kinasuguana na chuma, na mbao inabeba mzigo kwenye uso mpana zaidi. Nakiona kuwa boresho kubwa kuliko yote katika historia ya kiungo hiki, ingawa hakina sura ya kuchorwa kwenye tangazo. Linalofuata kwa umuhimu ni la mpangilio wa kazi: msumeno hula unene wake, kwa hiyo ukikereza faroma hadi kipimo cha mwisho ndipo ukaikata, umefupisha kiatu kwa upana wa msumeno. Busara ni kukereza kwa ukali, kukata, kufunga bawaba, kisha kukereza mara ya mwisho nusu mbili zikiwa zimeshikana. Na ncha za pini zizame chini ya uso kidogo, zijazwe. Pini iliyochomoza kwa unene wa kucha huandika alama yake kwenye ngozi laini, na alama hiyo haifutiki kwa rangi yoyote ya viatu.

Kuna kasoro moja ambayo bawaba haijawahi kuiondoa. Mkato unapita hadi kwenye unyayo. Nyundo inapopiga soli, mstari huo hupenda kujichapa kwenye soli ya ndani, hasa kama nusu moja imekaa juu ya nyingine kwa unywele. Viwanda hufunika unyayo wa faroma kwa bamba la chuma, ambalo pia hukunja ncha za misumari, lakini bamba lenyewe lazima likatwe palepale kiunoni, la sivyo faroma haikunjiki. Hii ni sababu moja ya baadhi ya mafundi wanaoshona viatu vya kupima London na kwingineko kuendelea na faroma ya kabari hadi leo: unyayo wake haujaguswa na msumeno.

Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ikaingia, na viwandani mbao ikarudi nyuma. Haikushindwa kwa umbo; hadi miaka ya karibuni mchonga mfano wa kwanza wa mtindo mpya alipendelea mepo, kwa kuwa tupa huisikiliza na mkono huona kosa mapema. Ilishindwa na maji na matundu. Plastiki hainywi, haina nyuzi, na pini haiing'oi kizibo. Ikichoka husagwa ikayeyushwa upya, jambo ambalo mbao haiwezi. Ina ubaya wake: joto la mashine za kukausha viatu huirudisha kidogo kidogo, ile hadithi ya kofia, ila hapa faroma ndiyo inayorudi.

Siku hizi mguu hupimwa kwa mwanga, umbo likarekebishwa kwenye kompyuta, na mashine ikakereza plastiki kwa usahihi ambao Blanchard asingeuota. Faroma ikishatoka humo, ikiwa laini na isiyo na doa, hupelekwa kwenye msumeno, ikakatwa V kiunoni, ikatobolewa matundu mawili, ikapigwa pini na springi.