Ukaguzi wa malori ya mafuta ni kinga ya afya

Petroli ya bodaboda za Lodwar na dizeli ya jenereta za Kakuma hufika kwa barabara. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa hukomea Kisumu na Eldoret. Kutoka huko kazi huachiwa malori ya tangi yanayopitia Kitale, Kapenguria na Lokichar.

Msomaji huenda akajiuliza daktari ana habari gani na malori. Jibu ni kwamba majeraha ya moto wa petroli ni rahisi kuyazuia kuliko kuyatibu. Mnamo Januari 31, 2009, lori lilipinduka Sachangwan karibu na Molo, wakazi wakakimbilia kuteka petroli, na moto ulipolipuka zaidi ya watu 100 walifariki. Yaliyofanana na hayo yalitokea Morogoro, Tanzania, Agosti 10, 2019. Huko pia waliofariki walizidi 100.

Kinachoanza kuwaka si petroli yenyewe bali mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa mitaroni na kwenye laga, ukafikia jiko au sigara iliyo mbali. Kwa sababu hiyo tangi lililomwagwa mafuta si tupu. Hewa ikiingia na kuchanganyika na mvuke uliobaki, cheche moja yatosha kulilipua.

Mkaguzi hutazama nini?

Kwanza, tangi lenyewe: kutu, nyufa na viungo vilivyochomelewa. Hujazwa maji au hewa kwa shinikizo maalum, kisha huangaliwa kama kipimo kinashuka au kuna mahali panapovuja. Pili, vali za juu za kupumulia. Katika joto la Lodwar, linalopita nyuzi 35 mara nyingi, mafuta hupanuka na mvuke huongezeka. Vali ikiziba, shinikizo hupanda. Isipofunga, mafuta humwagika lori likipinduka. Ndiyo sababu pia tangi halijazwi pomoni. Tatu, vali za dharura za chini, ambazo huzuia mafuta hata mfereji wa nje ukivunjika. Mwisho ni breki, magurudumu, swichi ya kukata umeme wa betri, mitungi ya kuzimia moto, na waya wa kupeleka ardhini umeme unaojikusanya mafuta yanapotiririka.

Chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, leseni za kusafirisha mafuta hutolewa na mamlaka ya EPRA. Mwenye kituo cha mafuta ana haki ya kuuliza karatasi hizo kabla lori halijapakua. Fundi naye asichomelee tangi ambalo halijasafishwa na hewa yake kupimwa kwa chombo. Asiingie mtu ndani kabla ya hapo, hata kumwokoa mwenzake: mvuke huo hulevya na kuua, na mara nyingi mwokoaji ndiye maiti wa pili.

Ajali ikitokea

Kaa mbali, upande upepo unakotoka. Usiwashe pikipiki, usivute sigara, na uwazuie watoto wenye mitungi. Usinyonye petroli kwa mpira. Ikipita njia ya pumzi huunguza mapafu. Aliyemeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali mara moja.

Aliyeungua avuliwe nguo zilizolowa mafuta, isipokuwa zilizogandamana na ngozi. Mwagia jeraha maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20, kisha lifunike kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, samli wala yai, kwani huleta vijidudu na kumzuia daktari kuona kina cha jeraha. Mtu mzima aliyeungua zaidi ya asilimia 15 ya mwili, au mtoto zaidi ya asilimia 10, huhitaji maji ya mshipani upesi. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1. Aliyeungua usoni au aliyekwaruza sauti asisubiri hata kidogo, kwa maana koo laweza kuvimba na kuziba.

Kakuma na Lodwar zimetengana kwa kilomita zaidi ya 100, na hiyo ni safari ndefu kwa mtu aliyeungua. Vali iliyopimwa kabla ya lori kuondoka humwepusha na safari hiyo.