Mbuna
Mbuna ni samaki wadogo wenye rangi kali wa familia Cichlidae, wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa tu. Upande wa Tanzania huonekana Mbamba Bay na Liuli, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Wengi hula miani inayoota juu ya mawe. Jike hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi. Mbuna ni nadra kuvuka mchanga au maji ya kina kirefu. Kwa hiyo miamba miwili iliyotenganishwa na ufuko mmoja huweza kuwa na mbuna wa rangi tofauti kabisa. Ndiyo maana wafugaji makini wa Ulaya na Marekani hutaja mahali samaki alipotoka, si spishi peke yake. Wakichanganywa katika tangi moja huzaana, na machotara hao hawafai kurudishwa ziwani.

Hatari hiyo imeshafika ziwani kwenyewe. Kwenye kisiwa cha Thumbi West, Malawi, waliachiwa mbuna kutoka sehemu nyingine, na baadhi wamezaana na wenyeji. Kisiwa hicho kimo katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1984. Miamba ya Mbamba Bay haimo ndani ya hifadhi hiyo.