Damu Ikikatika, Dawa Isikatike

Katika nyumba zetu yako maradhi yanayotajwa kwa sauti, na yako yanayofichwa. Kuona damu katika choo ni miongoni mwa yanayofichwa. Mama huiona leo, akasema ni bawasiri. Akaiona tena mwezi ujao, akanunua dawa ya amiba. Na mwaka ukapita bila ya kumwambia hata mumewe. Huenda kweli ikawa bawasiri au amiba. Lakini huenda pia yakawa maradhi ya vidonda vya utumbo mpana, ambayo hayaponi kwa dawa za minyoo.

Mwenyezi Mungu ameijaalia miili yetu seli nyeupe za damu ziwe walinzi wake. Kwa mwenye maradhi haya, walinzi hao huuvamia ukuta wa utumbo kana kwamba ni adui. Hapo ndipo huja kuhara, damu, msokoto wa tumbo na uchovu. Kwa miaka mingi, maradhi yalipozidi, matabibu walitegemea dawa kama prednisoloni, inayowanyamazisha walinzi wa mwili mzima. Na mwili usio na walinzi hufungulia maradhi mengine njia.

Watafiti wakajiuliza: je, walinzi hawa hawawezi kuzuiwa mlangoni mwa utumbo pekee? Walikuta kwamba seli zinazoelekea utumboni hubeba protini iliyo mfano wa ufunguo, na mishipa ya damu ya utumbo ina kufuli yake. Dawa iitwayo vedolizumabu, inayotiwa mshipani kwa dripu, huufunika ufunguo huo usiingie katika kufuli.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 895 katika nchi 34. Katika waliogawanywa kwa kura, karibu nusu ya waliopewa dawa walipata nafuu baada ya wiki 6; waliotiwa maji yasiyo na dawa walikuwa robo tu. Kisha waliopata nafuu kwa dawa wakagawanywa tena: baadhi wakaendelea nayo, wengine wakabadilishiwa maji matupu bila ya kujua. Ulipotimia mwaka, katika kila 100 walioendelea, kati ya 42 na 45 walikuwa wametulia kabisa. Katika walioachishwa, walikuwa 16.

Utafiti mwengine wa 2019 ulionyesha kwamba dawa hii hubadilisha pia makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, kuliko ilivyodhaniwa. Elimu yake basi haijafika mwisho.

Nasi twachukua funzo moja: kukatika kwa damu si kupona. Anayetumia dawa yoyote ya maradhi haya asiiache kwa kujiona mzima, bali amuulize tabibu wake. Ramadhani ikikaribia, amuulize tabibu kuhusu saumu na dawa, na sheikh kuhusu ruhusa aliyopewa mgonjwa. Anayesumbuliwa na kuhara wakati wa Swala naye ana hukumu yake katika fiqhi. Asiiache ibada kwa fadhaa.

Na wewe uliyeiona damu ukanyamaza, mwambie mumeo, dada yako au mama yako, kisha mwende hospitali mkaombe utumbo upimwe kwa kamera ikihitajika. Mficha maradhi kifo humfichua. Haya ni pambo la muumini, lakini mbele ya tabibu haitakiwi kuwa pazia la mauti.