Je, Wajua? Usingizi wa Watoto Wadogo

Je, wajua kuwa mtoto mchanga huzaliwa hajui usiku ni nini? Melatonini, homoni inayoleta usingizi giza likiingia, huanza kutoka kwa mpangilio akifikisha miezi miwili au mitatu hivi. Kabla ya hapo, anayekuhimiza umzoeze mtoto kulala usiku kucha anakupa kazi isiyowezekana.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake ya muda wa kulala: chini ya miezi 4, saa 14 hadi 17 kwa siku, miezi 4 hadi 11, saa 12 hadi 16, mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14, miaka 3 na 4, saa 10 hadi 13. Usingizi wa mchana umo humo. Sasa mchukue mtoto wa miaka 4 aliyekesha na tamthilia hadi saa 5 usiku, kisha akaamshwa saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule. Piga hesabu mwenyewe.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni wa kuhangaika? Hukunja uso, huguna, hurusha mikono, na bado amelala. Kila baada ya dakika 50 hivi huzinduka kidogo, kisha huzama tena. Ukikimbilia kumnyanyua, umemwamsha wewe.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani waliwapima mapigo ya moyo watoto wachanga 21 waliokuwa na mama zao. Mama alipombeba mtoto anayelia na kutembea naye dakika 5 mfululizo, kilio kilikoma, na karibu nusu yao walisinzia. Kukaa tu na kumpakata hakukufua dafu. Hapo bibi zetu wenye mbeleko wangecheka: hilo nalo la kutafitiwa? Lakini kuna la pili. Kinachomshtua mtoto si mgongo kugusa godoro, ni ile nukta mwili wake unapoanza kubanduka kwa mama. Ndiyo maana wakashauri kwamba akishasinzia, uketi naye dakika 5 hadi 8 zaidi, ndipo umlaze.

Na ukimlaza, mlaze chali. Uingereza ilipoanza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Godoro liwe gumu, na mto hauhitajiki.

Na alale ndani ya chandarua. Je, wajua kuhusu Kilifi, pwani ya Kenya? Majaribio yaliyofanyika huko, matokeo yakatolewa mwaka 1996, yalionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa theluthi moja.

Huko Colorado, Marekani, watoto wa miaka 3 hadi 5 walikaa saa nzima kwenye mwanga mkali kabla ya kulala. Melatonini yao ilishuka kwa takriban asilimia 88 (utafiti wa 2018). Wazazi wa Finland hufunga mapazia mazito kiangazi kwa kuwa jua halitaki kuzama. Sisi wa karibu na ikweta tunaletewa giza bure mnamo saa 1 usiku, mwaka mzima, nasi tunampa mtoto simu.

Sirapu ya mafua si dawa ya usingizi. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya asipewe mtoto wa chini ya miaka 2.

Je, wajua kwamba mtoto anayeketi ghafla usiku, macho wazi, akapiga mayowe na asikutambue, huenda bado yuko usingizini? Ni kuweweseka, na huja zaidi saa chache za mwanzo wa usiku. Usimtikise wala kummwagia maji. Mlinde tu asianguke. Asubuhi hatakumbuka lolote. Huzidi mtoto akikosa usingizi wa kutosha, na pia akiwa na homa. Ukimgusa na mwili unachemka, mpeleke hospitali akapimwe malaria.