Kupokea mbwa aliyeokolewa

'''Kupokea mbwa aliyeokolewa''' ni kumchukua mbwa aliyetupwa, aliyepotea au aliyeteswa na kumfanya wa nyumbani. Kwa kawaida mbwa hao hupitia kwanza mikononi mwa watu wa kujitolea au katika makazi ya wanyama, ambako hulishwa, hutibiwa na kutafutiwa familia. Kwa Kiswahili mbwa asiye na mwenyewe huitwa ''mbwa koko'', ingawa wengi wanaoitwa hivyo wana kwao, ila hawafungwi.

== Historia ==
Mwaka 1824 kilianzishwa London, Uingereza, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho bado kipo. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua katika mtaa wa Holloway, London, nyumba ya muda ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Magazeti yalimcheka: watu wengi walikuwa na njaa, iweje mbwa wajengewe nyumba? Tealby alifariki mwaka 1865, lakini kazi iliendelea. Mwaka 1871 makazi hayo yalihamia Battersea, yalipo mpaka leo, na tangu 1883 hupokea paka pia.

Nchini Kenya chama cha namna hiyo kilianza mwaka 1910, wakati wa ukoloni. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

== Kazi ya kujitolea ==
Anayedhani atakwenda kucheza na watoto wa mbwa hushangaa, maana sehemu kubwa ya kazi ni kufagia vizimba, kuosha vyombo, kutoa kupe na kuwatembeza mbwa. Wengine huwa walezi wa muda: hukaa na mbwa nyumbani kwao hadi apate familia. Malezi hayo husaidia sana, kwa sababu tabia ya mbwa kizimbani mara nyingi si ile atakayokuwa nayo sebuleni.

== Siku za kwanza nyumbani ==
Mbwa mgeni huhitaji pembe tulivu, maji na ratiba isiyobadilika. Wengine hawali siku ya kwanza, au hujificha chini ya kitanda. Kosa la kawaida ni kuwaita majirani wote waje kumwona.

Mbwa mwenye hofu huonyesha dalili kabla ya kuuma: hufyata mkia, hulaza masikio nyuma, hulamba midomo, hugeuza uso au hukakamaa. Kunguruma ni onyo, na halipaswi kuadhibiwa, kwa kuwa mbwa aliyezoea kupigwa anaponguruma anaweza kujifunza kuuma bila kuonya. Watoto wafundishwe kutomsumbua akila au akilala, na kutomkumbatia kwa nguvu. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kama ni mpole.

Chakula cha nyumbani kinafaa ikiwa kina nyama, dagaa au mayai ya kutosha. Ugali mtupu hautoshi. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Katika jamii za Waislamu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi. Hivyo wanaofuga mbwa wa ulinzi humtengea banda uani na vyombo vyake mwenyewe.

== Chanjo na afya ==
Jambo lisilosubiri ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Takriban visa vyote vya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Mahali ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, maambukizi hukatika.

Distempa nayo huua mbwa wengi. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliangamiza karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walitajwa kuwa chanzo chake.

Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kwa sababu hiyo makazi mengi humhasi dume na kumfunga jike kizazi kabla ya kumtoa. Mengi pia huitaka familia isiyoweza kuendelea naye imrudishe palepale alipotoka, isimwache barabarani.