Ukomo wa Mfumo Endeshi na Usalama wa Mtumiaji: Mtazamo kutoka Nakivale na Mbarara

Kompyuta kuukuu iliyonunuliwa mjini Mbarara na kupelekwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huweza kuwaka vizuri na bado isiwe salama. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mwaka 2023 Chrome nayo ikauacha mfumo huo, ikiishia toleo la 109. Tangu hapo, baadhi ya tovuti hugoma kufunguka, na nyufa mpya hazizibwi. Nywila za mkimbizi hubaki hatarini. Kubadili kivinjari pekee hakuzibi ufa ulio katika mfumo wenyewe. Hivyo, sera ya ugawaji wa vifaa izingatie ukomo wa mfumo, si bei tu. Kompyuta isiyomudu Windows mpya iwekewe Linux nyepesi, pamoja na mwongozo wa Kiswahili.